Tabo

Isisemwe niliifufua kwa mapenzi.
Kaka yangu Ambakisye alichukua milioni nne,
fedha za msingi wa nyumba yangu, akavuka Tunduma,
akaniachia ufunguo juu ya kabati la vyombo
na Legasi ya mwaka tisini na tano, mgongo mrefu,
boneti yenye tundu la kuvutia upepo.

Miaka sita ilikaa nyuma ya jiko, Uyole,
kuku akiatamia kiti cha abiria,
mvua ya Machi ikiingilia mlango wa nyuma
na kutokea sakafuni, bila hodi.
Ukiipita usiku ilinuka viazi vya zamani.

Fundi Sanga alikuja na tochi ya simu.
Akalala chini, akagonga, akasikiliza
kama bwana mifugo kwenye ubavu wa ng'ombe.
"Mwalimu, injini nzima hii.
Kilichokufa ni tabo."
Mimi nikasikia tabu.
Nikamwambia tabu haijawahi kufa nyumba hii.

Tukaanza na mshahara wa Aprili.
Beringi zikaja na basi kutoka Dar
ndani ya boksi la sabuni.
Hozi zilizopasuka tukatupa, tukafunga za silikoni, nyekundu.
Nyekundu ya nini?
"Zinavumilia joto, mwalimu. Wekundu ni nyongeza."
Mei, rejeta pana kuliko ile ya kiwandani.
Juni, baridi ya kugonganisha meno, tukabadili breki,
maana anayeongeza mbio asiongeze breki,
alisema Sanga, huyo anatafuta sanduku.
Julai sikununua kitu. Julai ni ada.

Usiku nilisahihisha madaftari ya kidato cha pili
kwa kidole gumba cheusi;
kila vema ikawa na kivuli cha grisi.

Mlango wa nyuma, kushoto, una bonde.
Hapo Ambakisye aligonga geti la chuo siku ya mahafali yangu,
akirudi kinyumenyume
huku akipiga mluzi kupitia mwanya wake.
Sanga akaleta puti na msasa.
Nikasema, acha.
Akanitazama.
Nikasema, puti ni ghali.

"Huku juu hewa nyembamba," alinieleza,
"gari la kawaida linapanda Isyonje kama mgonjwa wa pumu.
Hili linaokota moshi wake lenyewe,
ule ule linaoutupa,
moshi unazungusha feni, feni inashindilia hewa ndani,
mpaka injini inadhani iko Kyela."

Nikafikiri juu ya hilo siku nzima.
Kinachotupwa, kikizungusha kitu.

Tulipanda alfajiri. Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuhama,
mbele yetu fuso la mbolea likikohoa.
Gia ya tatu. Nikakanyaga.
Kwanza kimya, kimya kile cha mtu anayevuta pumzi
kabla ya kusema neno zito,
kisha kiti kikanisukuma mgongoni
na chini ya boneti ukatoka mluzi,
mwembamba, kama wa kupitia mwanya.

Nikaegesha pembeni.
Sanga alidhani kuna kitu kimekatika.

Nikampigia Ambakisye, Ndola.
Miaka sita. Sikumsalimia.
Nikafungua boneti, nikashusha simu karibu na zile hozi,
nikamwashiria Sanga akanyage mafuta.
Akakanyaga. Akaachia. Akakanyaga tena.
Upande wa pili nikasikia mtu anameza mate.
Halafu:
"Oili unaweka namba ngapi?"

Nikamwambia.
Nikamwambia pia milioni nne ziko palepale,
ila sasa zimezaa:
beringi, rejeta, breki, hozi nyekundu.
"Andika," nikasema.
Akasema hana kalamu.

Nikamsubiri aitafute.